London kwa mara ya kwanza: pesa inapovuja na namna ya kuziba (viza, nauli, kadi, malazi)

#1 Nahodha_Mkongwe

Wakuu, salaam. Maswali ya London yanarudi kila mara na majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi. Tuyakusanye hapa. Uzi huu ni wa mtu anayekwenda kutembea siku tano hadi wiki mbili. Wa kuzamia na wa kutafuta kazi wana nyuzi zao. Nauli nitakazotaja mimi na wenzangu ni zile zilizotumika kuanzia Machi 2025. Huwa zinapanda karibu kila Machi, kwa hiyo ongeza kidogo kwenye bajeti na upitie tovuti ya TfL (mamlaka ya usafiri ya London) kabla ya safari.

London si ghali kwa kila kitu. Makumbusho makubwa ni bure na basi ni nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Hela ya mgeni huvujia sehemu tatu: viza iliyonyimwa kwa sababu ya karatasi, saa ya kwanza uwanja wa ndege, na kadi kugusishwa vibaya kwenye mageti ya treni.

Viza kwanza. Pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo inahitaji viza ya Standard Visitor. Ya miezi sita ilikuwa pauni 127 kuanzia Aprili 2025. Ipo ya miaka 2 (wakati huo pauni 475), ya miaka 5 (848) na ya miaka 10 (1,059), ila hata hiyo ya miaka kumi haikupi ruhusa ya kukaa zaidi ya miezi sita kwa safari moja. Kama hujawahi kufika Uingereza, lipia ya miezi sita. Ukiomba ya miaka mitano wakakupa fupi, tofauti ya pesa hairudi.

Mtiririko uko hivi: unajaza fomu kwenye gov.uk, unalipa kwa kadi, unachagua siku ya kwenda kituo cha maombi ya viza (Dar au Nairobi kwa walio wengi), unapakia nyaraka mwenyewe kwenye mfumo, kisha unakwenda kutoa alama za vidole na picha. Usiende na rundo la makaratasi ukitegemea wakuskanie pale kituoni, hiyo ni huduma ya kulipia. Mlango wa maombi unafunguka miezi mitatu kabla ya safari. Majibu kwa kawaida ni wiki tatu kuanzia siku ya vidole. Huduma ya haraka ni pauni 500 juu ya ada, na ukinyimwa nayo imekwenda. Inaharakisha jibu tu, haibadilishi jibu.

---

#2 Sururu

Mkuu asante. Stetimenti ya benki inatakiwa iwe na shilingi ngapi? Kuna jamaa wanasema milioni kumi na tano, wengine ishirini.

---

#3 Kijiti_cha_Pangani

Sururu, hakuna kiwango kilichoandikwa popote. Anayekutajia namba anakuuzia kitu.

Afisa anaangalia stetimenti kama sinema, si kama picha. Anataka kuona miezi sita: mshahara unaingia tarehe zilezile, kodi na ada zinatoka, salio linabaki kiasi fulani. Kinachoua maombi mengi ni akaunti iliyokuwa na laki tatu miezi mitano, halafu wiki mbili kabla ya maombi ikaingia milioni kumi na nane. Hata kama hela ni halali, bila maelezo anaichukulia kuwa imeazimwa ili kupamba. Kama umeuza kiwanja au umepokea mchango wa kikundi, ambatanisha mkataba wa mauzo au barua ya kikundi, na uandike mstari mmoja: tarehe fulani, kiasi fulani, kimetoka hapa.

Cha pili ni hesabu kulingana. Fomu inakuuliza mapato kwa mwezi na gharama za safari. Ukiandika mshahara wa milioni 2.5 na stetimenti inaonyesha 1.8, eleza makato. Ukiandika safari ya siku 21 kwa mtu mwenye likizo ya siku 14 kwenye barua ya mwajiri, umejinyima mwenyewe.

Cha tatu, kinachosahaulika sana kwetu: nyaraka za Kiswahili. Cheti cha ndoa, leseni ya biashara, barua ya serikali ya mtaa, vyote vinahitaji tafsiri ya Kiingereza, na tafsiri iwe na kauli ya mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. Tafsiri uliyojiandikia chini ya nakala haina uzito.

Ukialikwa na ndugu: barua yake, uthibitisho wa hadhi yake ya ukaazi, stetimenti zake kama yeye ndiye mlipaji, na uthibitisho wa anapoishi. Lakini mwaliko hauondoi swali kubwa, nalo ni kwa nini utarudi. Kazi, biashara, watoto shuleni, shamba lenye hati. Hati ya kunyimwa mara nyingi itataja kifungu cha V 4.2, maana yake hawakuridhika kwamba wewe ni mtembezi wa kweli atakayeondoka. Viza ya matembezi haina rufaa ya kawaida. Unaomba upya na kulipa upya, kwa hiyo jibu hoja walizoandika moja baada ya nyingine. Na tafadhali, usiguse stetimenti ya kughushi. Adhabu ya udanganyifu ni kufungiwa miaka kumi.

Tiketi ya ndege usilipie kabla ya majibu. Ratiba ya safari na hoteli ya kughairi bure vinatosha.

---

#4 Binti_Muscat

Nyongeza kwa tulioko Ghuba na Ulaya. Mwenye pasipoti ya Oman haombi viza kwa matembezi, anaomba ETA (ruhusa ya kusafiri ya kielektroniki) kwa simu au mtandaoni. Vivyo hivyo ndugu zetu wenye pasipoti za Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, kwao ETA ilianza Aprili 2025. Familia ikiwa na pasipoti mchanganyiko, baba Mwomani na mama Mtanzania, mama anahitaji viza kamili hata kama ana ukaazi wa Oman. Watu wanagundua hilo kaunta ya uwanja wa ndege.

ETA inafungwa kwenye namba ya pasipoti. Ukibadilisha pasipoti, omba nyingine.

---

#5 papa_Bukavu

Ndugu zangu wa pasipoti ya Kongo, angalieni njia ya kupita. Ukiunganisha ndege Brussels au Paris, Mkongo anatakiwa kuwa na viza ya transiti hata asipotoka nje ya uwanja. Viza ya Uingereza mkononi usiihesabu kuwa imekuondolea sharti hilo. Addis, Nairobi, Doha na Istanbul hazina usumbufu huo kwa anayebadilisha ndege tu.

Na viza ya Uingereza si ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya). Ile treni ya kwenda Paris kutoka St Pancras haitakupakia bila viza nyingine.

Plagi: Kenya, Tanzania na Uganda wanatumia plagi ileile ya meno matatu ya mstatili ya Uingereza, hamhitaji kununua kitu. Sisi wa Kongo, Rwanda na Burundi wenye plagi za meno mawili ya duara tunahitaji adapta. Tena sisi tuliozoea gari kupita kulia ndio tunaoandikiwa LOOK RIGHT (angalia kulia) barabarani. Isome, haikuwekwa kama pambo.

---

#6 KondaWaZamani

Usafiri niachieni mimi.

Pasipoti na begi. Mageti ya kielektroniki pale uhamiaji si ya pasipoti zetu, nenda foleni ya maafisa. Anuani ya unapofikia na tiketi ya kurudi viwe kwenye mkoba wa mkononi. Atauliza mambo matatu: unakuja kufanya nini, siku ngapi, unalala wapi. Jibu hivyo hivyo, kwa kifupi. Nyama, samli, maziwa ya mgando, hata kilo moja ya nyama ya kukausha, havipiti. Miraa ni dawa ya kulevya kisheria Uingereza tangu Juni 2014, hata kifurushi cha rafiki usibebe. Pesa taslimu kuanzia pauni 10,000 lazima uitangaze.

Kutoka Heathrow. Kenya Airways na Qatar hushusha Terminal 4, Emirates ya 3, Ethiopian na Turkish ya 2. Thibitisha kwenye tiketi. Una njia tatu za reli kuingia mjini:

Piccadilly (treni ya chini ya ardhi, rangi ya buluu iliyokolea): pauni 5.80 hadi katikati ya mji, karibu saa nzima.

Elizabeth (zambarau): pauni 13.90, dakika 30 na kitu hadi Paddington, na inaendelea moja kwa moja Tottenham Court Road, Farringdon, Liverpool Street.

Heathrow Express: dakika 15 hadi Paddington, karibu pauni 25 ukinunua siku hiyohiyo.

Mtego uko hapa. Elizabeth na Heathrow Express hutumia majukwaa yaleyale. Mgeni mchovu anaingia treni ya kwanza kufika, anashuka Paddington, anakatwa karibu mara mbili. Soma kibao cha jukwaani kabla ya kupanda. Na ukifika Paddington na Express bado hujafika popote, hoteli nyingi haziko pale. Utapanda treni nyingine.

Mwenye mabegi mawili makubwa achukue Elizabeth, kwa sababu vituo vyake vya katikati vina lifti hadi jukwaani. Piccadilly si kila kituo. Green Park, King's Cross na Earl's Court zina lifti, vingine utabeba begi kwenye ngazi huku watu wakikupita.

Kadi. Sahau tiketi za karatasi. Kadi ya benki yenye alama ya mawimbi inafanya kazi moja kwa moja getini kwa nauli ileile ya Oyster, yaani kadi ya usafiri ya kujaza pesa. Oyster inalipiwa kadi yenyewe kwanza na hela hiyo hairudi, kwa hiyo inunue tu kama kadi yako ya benki inagoma au makato ya miamala ya nje ni makubwa.

Sheria za kadi ni nne, na hizi ndizo zinazokamua watu:

Treni unagusisha unapoingia na unapotoka. Kwingine hakuna geti, kuna kichwa cha njano tu kwenye nguzo, nacho lazima ukiguse. Ukisahau, mfumo haujui ulishuka wapi, unakukata nauli ya juu kabisa.

Basi unagusisha ukipanda tu. Ukishuka usiguse.

Kadi moja, mtu mmoja. Mume hawezi kugusisha mara mbili kwa ajili yake na mkewe. Getini ya pili itakataliwa, na kwenye basi hesabu itavurugika.

Kadi na simu ni vitu viwili. Ukiingia kwa kadi ya plastiki na kutoka kwa simu yenye kadi hiyohiyo, mfumo unaona watu wawili waliokosea. Chagua kimoja, ukae nacho safari nzima.

Faida ya kushika kimoja ni kikomo cha siku. Nauli hupangwa kwa kanda, ya 1 ikiwa katikati ya mji. Ukizunguka kanda ya 1 na 2 siku nzima, ukifika pauni 8.90 hukatwi tena hadi saa kumi na nusu alfajiri. Kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, kikomo ni pauni 44.70. Wiki yao haianzi siku uliyofika. Ukifika Alhamisi na kuondoka Jumatano, umeangukia wiki mbili tofauti.

Safari moja ndani ya kanda ya 1 ni pauni 2.90 saa za msongamano (Jumatatu hadi Ijumaa, 6:30–9:30 na 16:00–19:00) na 2.80 nje ya hapo. Basi ni 1.75 mchana na usiku, na ndani ya saa moja tangu ugusishe mara ya kwanza unapanda mabasi mengine bure. Kikomo cha mabasi peke yake ni 5.25 kwa siku. Mwenye muda na bajeti ndogo aishi kwenye mabasi. Basi halipokei pesa taslimu, tangu 2014. Usimsimamishe dereva na noti, hana pa kuiweka.

Basi namba 24 linakupitisha Camden, Trafalgar Square na Westminster. Namba 15 linakutoa Trafalgar Square hadi Tower of London kupitia St Paul's. Kaa ghorofani mbele. Mabasi ya watalii ya wazi yanakutoza mara nyingi zaidi kwa barabara zilezile.

Ngazi za umeme: simama kulia, kushoto ni kwa wanaokimbilia kazini. Na kabla ya kupanda treni kituo kimoja, angalia ramani ya mtaani. Leicester Square hadi Covent Garden ni mita 260. Watu wanalipa 2.80 na kungoja lifti kwa mwendo wa dakika nne kwa miguu.

---

#7 MamaWawili_NBO

Na watoto? Wangu ni wa miaka 8 na 13.

---

#8 KondaWaZamani

Wa 8 hulipi. Chini ya miaka 11 wanasafiri bure na mtu mzima, hadi watoto wanne kwa mtu mzima mmoja. Getini pita lile pana, mfanyakazi atawapitisha.

Wa 13 ndiye anayehitaji maandalizi. Kadi ya benki itamkata nauli ya mtu mzima. Mnunulie Oyster, kisha mwombe mfanyakazi wa kituo aiwekee punguzo la Young Visitor. Anasafiri kwa nusu ya nauli, linadumu siku 14. Mwende na mtoto mwenyewe na pasipoti yake, na ombeni palepale Heathrow kabla ya safari ya kwanza.

---

#9 MamaWawili_NBO

Shukrani. Upande wa pesa nami nichangie, maana watu wengi hukwama huko.

Kabla ya kutoka nyumbani, piga simu benki uwaambie wafungue miamala ya nje na kugusisha, maana kadi nyingi za kwetu hufungwa kwa nje hadi uombe. Kadi pepe ya M-Pesa ni nzuri kwa kulipia hoteli na tiketi mtandaoni. Usiitegemee getini.

Washa roaming ya laini yako ya nyumbani, angalau kwa kupokea ujumbe. Benki ikikutumia namba ya siri ya muamala na laini imelala, kadi ni plastiki tu. Data ya simu nunua laini ya huko. Haidai kitambulisho wala alama za vidole kama kwetu, unaipata supermarket au duka la mtaani, na bando la siku 30 ni nafuu kuliko zile za mashine za uwanja wa ndege. Simu ya laini mbili inamaliza shida hiyo.

Mashine ya ATM au ya dukani ikikuuliza ulipe kwa shilingi au pauni, chagua pauni, siku zote. Ukichagua shilingi umempa mwenye mashine ruhusa ya kupanga kiwango anachotaka. Na ATM zilizo ndani ya maduka madogo nyingine hukata ada, soma kioo kabla ya kubonyeza.

Muhimu zaidi: zile pauni zilizokaa kabatini kwa shangazi. Noti za karatasi hazitumiki tena. Pauni 5 za karatasi ziliondolewa 2017, 10 mwaka 2018, 20 na 50 mwisho wa Septemba 2022. Noti halali ni za plastiki, zina dirisha linalopitisha mwanga. Sarafu ya pauni moja ya duara nayo ilikwisha 2017, ya sasa ina pembe 12. Noti za zamani bado zinabadilishwa Bank of England, mtaa wa Threadneedle, ila foleni inaweza kula asubuhi yako nzima. Ukiuziwa pauni Kariakoo au River Road, zipapase kwanza.

---

#10 Sururu

Kwa hiyo nisibebe taslimu kabisa?

---

#11 MamaWawili_NBO

Beba pauni 60 hadi 100, za dharura. Migahawa na vibanda vingi vimeandika kabisa kwamba havipokei taslimu. Kinyume chake, kinyozi na masoko ya mtaani kama Ridley Road bado wanazipenda.

---

#12 Lushoto_Juu

Malazi. Usilipie kanda ya 1 kwa kiburi. Angalia hoteli karibu na kituo chenye treni mbili au zaidi: Stratford, Hammersmith, Ealing Broadway, Earl's Court. Kipimo changu ni dakika za kutembea hadi kituoni, ziwe chini ya nane. Hoteli iliyo nafuu kwa pauni 15 lakini inahitaji basi kabla ya treni inakula akiba hiyo kwa muda, hasa Desemba ukirudi gizani kwenye mvua.

Julai hadi Septemba vyuo hukodisha mabweni yao kwa wageni, vyumba safi katikati ya mji. Vinawahiwa mapema.

Soma kama chumba kina choo cha ndani, kama kuna lifti (nyumba za zamani ngazi ni nyembamba mno) na kama dirisha lipo. Ndiyo, vyumba bila dirisha vinauzwa, na vinaandikwa kwa herufi ndogo.

Chakula: maji ya bomba yanakunywika, beba chupa. Supermarket zina "meal deal", yaani sandwichi, kitafunwa na kinywaji kwa bei moja ya chini. Kinatosha mchana. Mgahawani angalia bili, wengi wameshaongeza 12.5% ya huduma. Si lazima kisheria kama imeandikwa ni hiari, na hupaswi kuacha bakshishi nyingine juu yake. Unga mweupe wa mahindi, ndizi mbichi na mihogo viko Peckham, Brixton, Tooting na Dalston. Halali haina shida, Whitechapel na Edgware Road ni mitaa mizima.

---

#13 Nahodha_Mkongwe

Vya kuona, kwa kifupi, maana kila mtu ana ladha yake. Bure: British Museum, National Gallery, Natural History, Science Museum, V&A, Tate Modern. Weka nafasi mtandaoni, nayo ni bure, inakupunguzia foleni. Ijumaa British Museum hufungwa 20:30 na National Gallery 21:00. Nenda jioni hiyo, makundi ya shule yameondoka. Sky Garden, ghorofani Fenchurch Street, ni bure pia lakini nafasi hutolewa wiki tatu kabla na huisha upesi. Mtu mwenye tiketi hiyo hana haja ya kulipia jengo refu jingine.

Kitu kimoja nitakipigia debe. Westminster Abbey, katikati ya ukumbi mkuu, kuna bamba la kaburi la Livingstone, aliyezikwa pale Aprili 1874. Bamba linasema aliletwa na "mikono ya waaminifu" kupitia nchi kavu na bahari, bila kutaja majina juu yake. Waliombeba kutoka ndani ya Zambia ya leo hadi Bagamoyo ni Chuma na Susi na wenzao. Aliyesimama kwenye lile kanisa dogo la Bagamoyo na akasimama pale pia ameona ncha mbili za safari moja. Kiingilio ni karibu pauni 30. Ibada ya jioni ni bure, ila hapo umekwenda kusali, hawakuruhusu kuzunguka wala kupiga picha.

---

#14 Kijiti_cha_Pangani

Mitego ya kalenda na saa, kabla haijasahaulika.

Tiketi ya 10:00 ni saa NNE asubuhi. Mnacheka, lakini mtu anayemwambia mwenyeji "tukutane saa kumi" kwa Kiswahili na kumwandikia 10:00 kwenye simu anapoteza siku. Andika namba tu, kwa mfumo wa saa 24.

Tofauti na kwetu (Tanzania, Kenya, Uganda) ni saa tatu nyuma wakati wa baridi, mbili wakati wa kiangazi. Wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Ndege ya asubuhi ya siku hiyo, kuwa macho.

Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Juni linazama baada ya saa tatu usiku. Waislamu, Isha ya Juni ni usiku wa manane karibu, panga na misikiti mikubwa ya Regent's Park au Whitechapel.

Tarehe 25 Desemba hakuna treni wala basi mji mzima. Ndege ikitua siku hiyo utalipa teksi au utalala uwanjani. Jumapili maduka makubwa hufunguliwa kwa muda wa saa sita tu, Oxford Street nyingi ni 12:00 hadi 18:00. Na wanaotegemea kurudishiwa kodi ya manunuzi: kwa watalii ilifutwa Januari 2021. Risiti zako za London hazirudishi senti.

---

#15 Binti_Muscat

Usalama: simu. Vijana wa baiskeli za umeme wanapora simu ikiwa mkononi, hasa ukisimama ukingoni mwa njia ya miguu ukisoma ramani. Ingia mlango wa duka, ukaupe ukuta mgongo, soma, weka mfukoni, tembea. Dharura 999, polisi kwa yasiyo ya haraka 101, ushauri wa afya 111.

Hospitali: huduma ya dharura yenyewe hulipi, lakini ukilazwa, mgeni hutozwa 150% ya bei ya NHS (huduma ya afya ya serikali). Bima haidaiwi kwenye viza, nunua hata hivyo. Dawa zako zije kwenye pakiti zake na karatasi ya daktari.

Pasipoti ikipotea: ripoti polisi, kisha ubalozi. Tanzania iko Stratford Place, hatua chache kutoka kituo cha Bond Street. Kenya iko 45 Portland Place, karibu na Regent's Park. Weka picha ya pasipoti na viza kwenye barua pepe yako kabla ya kuondoka.

---

#16 Sururu

La mwisho wakuu. Ndege yangu ya kurudi ni asubuhi na mapema, Heathrow T4, Jumapili. Nitafikaje?

---

#17 KondaWaZamani

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili una bahati, Piccadilly hukesha Ijumaa na Jumamosi. Lakini treni za usiku haziendi T4, zinaishia T5 kupitia kituo cha T2 na 3. Shuka hapo cha 2 na 3, kisha uvuke kwenda T4 kwa treni ya kwanza ya Elizabeth, ambayo kati ya terminal hulipi, au kwa basi la uwanja. Usiku mwingine wa wiki ni basi la N9 kutoka Trafalgar Square.

Mchana ni rahisi zaidi, ila soma kibao cha mbele ya treni. Piccadilly hugawanyika Acton Town, nyingine zinaelekea Uxbridge. Zinazokwenda Heathrow nazo ni za T4 au T5, si zote mbili. Ukijikuta kwenye isiyo yako, shuka hapohapo Acton Town ungoje inayofuata jukwaa lilelile. Usitoke getini.

---

#18 Sururu

Nimeelewa. Nashuka 2 na 3, sitoki T5.

---

#19 KondaWaZamani

Ndiyo. Na ugusishe kadi ukitoka.